Nguzo 20 au 21?

Watahiniwa wa kwanza wa KCPE walikuwa wa 1985, wa mwisho wa 2023. Hayo ni makundi mangapi? Mwenye haraka atatoa, apate 38. Kumbe ni 39, maana mwaka wa kuanzia nao umo.

Mtego ni ule ule wa nguzo za ua. Ua ulionyooka una mita 100, na nguzo husimikwa kila baada ya mita 5. Ukigawanya unapata 20, ilhali nguzo ni 21. Lakini zungusha ua huo shambani, nguzo zinarudi 20: ya mwisho ndiyo ya kwanza.

Wiki ya Waswahili ililijua jambo hili kitambo. Jumamosi ni ya mosi, Jumatano ni ya tano. Siku ni tano, mapengo manne.

Mnamo 1964 Tume ya Ominde ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikapendekeza lugha ya eneo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Karatasi ya hesabu, hata hivyo, ilibaki ya Kiingereza. Basi mtoto wa Langas hapa Eldoret (mji uliomea kwenye shamba namba 64, tusisahau) aliweza kujua hesabu, akakwazwa na maneno.

Walimu wanafunzi huwa nawaambia: chora nguzo, kisha lisome swali kwa Kiswahili. Hebu litazame lile neno “baada”. Linahesabu pengo, si nguzo.