KICHEKO CHA KASHASHA NA DARASA LA KAMPALA

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Tanganyika kujipatia uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, wilaya ya Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko hicho hakikuwa cha furaha. Kiliingiliana na kilio na mahangaiko, na wengine walisema kuna mtu anawakimbiza. Kikipoa kwa siku kadhaa, hurudi. Ilipofika tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kupatwa, nayo shule ikafungwa. Walimu watano wa shule hiyo, Waafrika watatu na Wazungu wawili, hakupatwa hata mmoja.

Jambo hili la walimu watuhusu sana sisi tushikao chaki. Wote walikuwa chini ya paa moja. Waliopatwa ni wale waliokuwa wakifundishwa.

Wasichana waliporudishwa makwao, maradhi yalifuata njia hiyo hiyo. Katika kijiji cha Nshamba watu 217 walipatwa mnamo Aprili na Mei. Kashasha ikafunguliwa tena tarehe 21 Mei, wasichana 57 wakapatwa, ikafungwa mara ya pili mwishoni mwa Juni. Wenyeji waliyaita enwara yokusheka, yaani maradhi ya kucheka; na wapo waliosema kuwa hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki yaliyokuwa yakijaribiwa ulimwenguni.

Habari hizo ziliifikia Kampala upesi. A. M. Rankin, mwalimu wa Chuo cha Makerere, akishirikiana na P. J. Philip, mganga wa serikali wa Bukoba, walilichunguza jambo lenyewe na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963. Walipima damu, wakatafuta vijidudu, wakafikiria sumu katika chakula, hawakuona kitu. Hakuna aliyekufa. Wakahitimisha kwamba ni histeria ya halaiki. Yamkini hitimisho hilo ni sahihi, lakini kwetu sisi ni jina tu, na jina si jawabu. Hesabu za waliougua zimetufikia kwa ukamilifu kuliko maneno ya wasichana wenyewe. Mwaka 2007 Christian Hempelmann, mtaalamu wa isimu achunguzaye kicheko, aliirejea taarifa hiyo na kueleza kuwa kucheka kulikuwa dalili moja tu miongoni mwa nyingi, na kwamba chanzo kilikuwa dhiki ya roho isiyokuwa na pengine pa kutokea.

Uganda nayo haikusalimika. Daktari Benjamin Kagwa aliandika mwaka 1964 juu ya matukio ya namna hiyo katika Afrika Mashariki, yakiwamo ya Kigezi na Mbale, akayahusisha na mgongano baina ya mila za nyumbani na mafunzo mapya. Mwaka 1969 German na Arya wakachapisha uchunguzi wao juu ya maradhi ya akili miongoni mwa wanafunzi wa chuo kikuu hapa Uganda. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba habari za afya ya akili ya vijana ni mtindo ulioletwa juzi.

Tuutazame mgongano huo kwa karibu. Katika Buganda msichana aliyebaleghe alikuwa na ssenga wake, yaani shangazi, dada wa baba. Yale ambayo mtoto haoni njia ya kumweleza mamake, aliyapeleka kwa ssenga. Shule za bweni zilipofunguliwa, Namilyango mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, Budo mwaka 1906, zilileta elimu ambayo sisi sote twaila matunda yake. Hata hivyo bweni lilimweka mtoto mbali na shangazi huyo kwa miezi mingi, likampa kengele, ratiba na mtihani. Nani alipewa kazi ya ssenga? Katika shule nyingi leo yuko mwalimu mwanamke mwenye dhamana ya wasichana, lakini huyo huyo ana vipindi vyake, madaftari yake ya kusahihisha, na mara nyingine ndiye atoaye adhabu. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni kwa sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016. Kukiondoa mkononi kumekuwa rahisi kuliko kukiondoa katika ulimi.

Na ulimi wetu una makosa. Hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955, na kwa miaka mingi jina lake limekuwa tusi la uwanjani: mtoto akinyamaza siku mbili, wenzake humwambia apelekwe Butabika. Mtoto asikiaye hayo hatasema tena. Kiswahili nacho kina "wazimu" na "kichaa", maneno mazito kama nyundo. Lakini kina pia "sonona", ambalo siku hizi hutumika kwa maradhi ya huzuni isiyokoma. Waganda husema juu ya ebirowoozo, yaani mawazo, wakiwa na maana ya mawazo yanayomlemea mtu. Watafiti waliokwenda Masaka na Rakai walikuta neno okwekyawa, kujichukia, likitumika kwa hali iliyo karibu sana na sonona. Kwa kuyafuata maneno hayo ya wenyeji walianzisha vikao vya watu wazima, kikao kimoja kila wiki kwa muda wa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji wasio madaktari. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha nafuu kubwa kwa waliohudhuria.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine iliyofunga kwa muda mrefu hivyo. Waliorudi hawakuwa watoto wale tuliowaaga. Wako waliorudi wakiwa wamezika wazazi, wako waliorudi wakiwa akina mama, na wako ambao hawakurudi kabisa. Sisi tukaanza na ngeli za nomino, kwa sababu muhtasari ulitaka hivyo.

Katika juma la pili tulitoa insha juu ya maisha ya nyumbani katika muda ule. Msichana mmoja aliandika mistari mitatu ya Kiswahili safi, kisha akaingia katika Kiganda, na neno ebirowoozo likajirudia humo mara nne. Tuliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Tumia Kiswahili." Daftari lilikuwa limekwisha kufungwa tulipolifungua tena na kuusoma ukurasa ule kutoka mwanzo. Siku iliyofuata tulimwita, tukamwomba atusomee yeye mwenyewe, kwa lugha aliyoiandika. Alisoma nusu ukurasa, akasimama, akauliza kama mlango unaweza kufungwa.