Mguu kifundo: plasta hunyoosha, viatu vya usiku hulinda

Mguu kifundo ni hali ambayo mtoto huzaliwa nayo. Unyayo mmoja, au zote mbili, huwa umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu. Mtoto asipotibiwa atatembea kwa ubavu wa mguu, na wengine kwa mgongo wa unyayo kabisa. Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja au zaidi kidogo huwa na hali hii. Wavulana ni kama mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hawa huwa nayo miguu yote miwili.

Mtoto mchanga haumwi na mguu huo, ndiyo maana baadhi ya familia husubiri zikidhani utanyooka wenyewe. Haunyooki. Kuukanda kwa mafuta na kuufunga kwa vijiti au kitambaa hakusaidii pia, hata kama anayefanya hivyo ni bibi mwenye mikono ya upole. Wala mama hakukosea popote: hali hii haiji kwa laana, kwa alichokula wala kwa alivyolala akiwa mjamzito. Wakati mwingine imo katika ukoo, wa baba au wa mama.

Kuna watoto ambao unyayo umekunjika tu kwa kubanwa tumboni. Huo ukiushika taratibu unafuata mkono mpaka unakaa sawa. Mguu kifundo ni mgumu na haufuati. Ukiwa na shaka, mwonyeshe mtoto kwa mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa ndani ya wiki mbili za kwanza. Kama amechelewa, miezi au hata miaka, mpeleke vilevile. Wakubwa nao hutibiwa, ila kazi huwa ndefu zaidi.

Kliniki itafanya nini

Tiba inayotumika karibu kote duniani inaitwa Ponseti, kwa jina la daktari Ignacio Ponseti aliyeianzisha katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mtaalamu huusogeza unyayo kidogo kwa vidole vyake, kisha huufunga plasta (wengi tunaiita hogo au P.O.P.) kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Plasta inayoishia chini ya goti huteleza na kuvuka, kwa hiyo usiombe ifupishwe. Kila baada ya siku 5 hadi 7 hutolewa, mguu husogezwa tena, na plasta nyingine hufungwa. Watoto wengi humaliza kwa plasta 5 hadi 7.

Baada ya plasta ya kwanza unyayo unaweza kuonekana umegeukia juu kuliko ulivyokuwa. Usishtuke. Hatua ya kwanza ni kulinganisha sehemu ya mbele ya unyayo na ya nyuma, ndipo wote ugeuzwe kwenda nje.

Mwishoni, watoto walio wengi huhitaji kano ya nyuma ya kisigino ikatwe ili kisigino kishuke. Neno "kukatwa" hutisha, lakini kwa mtoto mchanga kwa kawaida hufanywa kwa sindano ya ganzi, kwa tundu dogo lisilohitaji nyuzi, na siku hiyohiyo mnarudi nyumbani. Plasta ya mwisho hukaa wiki 3, na katika muda huo kano hujiunga ikiwa ndefu zaidi.

Mtoto akiwa na plasta, tazama vidole vyake mara kadhaa kwa siku. Kibonyeze kimoja: kinapauka, kisha rangi inarudi upesi. Visiporudisha rangi, vikiwa vya baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, nenda kliniki au hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Vidole vikianza kuzama ndani ya plasta, imeteleza na inaumiza mguu, kwa hiyo itolewe. Plasta isilowe. Nepi ifungwe juu ya ukingo wake, na mtoto aogeshwe kwa kitambaa.

Kazi kubwa iko nyumbani

Plasta zikiisha, mguu unaonekana mzuri. Hapo ndipo familia nyingi hupumzika, na hapo ndipo mguu hurudi. Sababu kuu ya mguu kifundo kurudi ni kuacha viatu vya upau, yaani viatu viwili vilivyounganishwa kwa fito ya chuma, vidole vikitazama nje. Viatu hivi havinyooshi mguu. Huuzuia usirudi wakati mtoto anakua haraka. Aina moja inayotumika sana Afrika ilibuniwa Uganda na fundi wa vifaa vya viungo, Michiel Steenbeek, ili iweze kutengenezwa kwa ngozi, chuma cha kawaida na zana za fundi viatu. Kwa hiyo kimoja kikiharibika, uliza kwanza kliniki kama kinaweza kushonwa.

Ratiba ni hii: saa 23 kwa siku kwa miezi 3 ya kwanza, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana mpaka mtoto afikishe miaka 4 au 5. Ndiyo, miaka. Afadhali mlijue hilo siku ya plasta ya kwanza, mkubaliane nani atamvisha mama akiwa kazini au safarini, na nauli ya kwenda kubadilisha viatu mtoto akikua itatoka wapi. Baba aje kliniki angalau mara moja ajifunze kuvisha. Mtoto anayevishwa na mtu mmoja tu huachwa bila viatu mtu huyo akiugua.

Siku mbili tatu za kwanza atalia. Mara nyingi halii kwa maumivu. Anajaribu kurusha mguu mmoja mmoja na upau unamzuia. Shika upau, kunja na kunyoosha miguu yote miwili pamoja kama mchezo, mpaka aelewe. Mvue ukiona anataka kunyamazishwa, na kesho atalia zaidi kwa sababu amejua njia.

Mvishe soksi za pamba. Kaza kwanza mkanda wa kifundo, ndipo kamba. Kisigino lazima kiguse chini. Viatu vingi vya aina hii vina tundu nyuma la kukichungulia. Wekundu kidogo ni kawaida, lakini lengelenge au kidonda maana yake kisigino kinateleza. Usipake mafuta hapo wala usiache viatu kwa wiki nzima. Rudi kliniki virekebishwe.

Akianza kutembea, mwangalie akichuchumaa. Kisigino kikiinuka, au akikanyaga kwa ubavu wa nje na soli ya upande huo ikaisha haraka, mpeleke kliniki bila kusubiri tarehe ya kadi. Mguu unaoanza kurudi ukiwahiwa, mara nyingi plasta mbili au tatu hutosha kuurejesha, kisha viatu vya usiku vinaendelea.