Kutoka Kibaba hadi Lita

Hapana biashara isiyo na kipimo. Muuzaji na mnunuzi wasipokubaliana juu ya chombo cha kupimia, soko hugeuka kuwa uwanja wa ugomvi. Kwa hiyo historia ya vipimo vya ujazo katika nchi yetu ni historia ya watu waliotafuta kipimo ambacho kila mtu angeweza kukiamini.

Huko pwani wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba. Vibaba 2 vilifanya kisaga kimoja, na visaga 2 vilifanya pishi. Kipimo hicho kilizoewa hata kikaingia katika methali isemayo, "Haba na haba hujaza kibaba." Lakini kilikuwa na upungufu wake: pishi ya mji mmoja haikuwa lazima ilingane na pishi ya mji mwingine.

Waingereza nao walikuja na galoni yao, ambayo kwa sheria yao ya mwaka 1824 ilikuwa ni ujazo wa ratili 10 za maji. Galoni moja ina painti 8. Mafuta ya taa yaliuzwa katika madebe ya galoni 4, na debe lilipokwisha mafuta halikutupwa, bali lilitumika kuchotea maji na kupimia mahindi. Hivyo ndivyo debe lilivyopata kuwa kipimo cha watu wa kawaida, sokoni na majumbani, hata katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi.

Wakati huo Wafaransa walikuwa wamekwisha kushika njia nyingine. Mwaka 1795 waliweka lita katika sheria. Chukua sanduku lenye urefu, upana na kimo cha sentimita 10. Ujazo wake ni lita 1, yaani mililita 1,000. Masanduku 1,000 ya namna hiyo hujaza mita 1 ya ujazo. Mwaka 1901 wataalamu waliifafanua lita upya kwa uzito wa kilo moja ya maji, ikatofautiana kidogo sana na sanduku lile. Mwaka 1964 wakairudisha kwenye sanduku. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, Kenya nayo iliacha galoni hatua kwa hatua, ikafuata lita.

Je, mabadiliko hayo yana faida gani kwa mkazi wa Kaloleni, Makadara au Pumwani? Tutazame maji. Galoni 1 ni karibu lita 4.546; basi debe la galoni 4 ni karibu lita 18.18. Mtungi wa plastiki tunaoujua leo ni wa lita 20. Kwa hiyo madebe 11 hulingana na mitungi 10. Mtu akiuziwa debe kwa bei ya mtungi, amepunjwa karibu lita 2, na huenda asijue.

Tena, maji ya bomba lenye mita hutozwa kwa mita za ujazo, na maji ya mchuuzi huuzwa kwa mtungi. Mita 1 ya ujazo ni lita 1,000, nazo ni mitungi 50. Tuseme mtungi mmoja wauzwa shilingi 5: mnunuzi hulipa shilingi 250 kwa kila mita ya ujazo. Bomba likikauka na bei ikapanda hadi shilingi 10, atalipa 500. Asiyejua kugeuza vipimo huona sarafu ndogo tu ikimtoka mkononi kila siku. Anayejua huweza kuzilinganisha bei hizo mbili na kuuliza maswali.

Gorogoro la mahindi nalo lataka macho, kwa maana kitako kikibonyezwa ndani, jina hubaki lile lile na ujazo hupungua. Basi, msomaji, utakapotumwa sokoni, usiulize bei ya chombo tu. Uliza pia kinachukua lita ngapi.