Shaaban Robert hakuwa na digrii. Kwa hiyo?

Mwezi uliopita nilikuwa Tanga kwa shughuli ya kifamilia. Baada ya chakula, mpwa wangu alinivuta pembeni. Amemaliza kidato cha sita, amepata nafasi chuo kikuu, na hataki kwenda. Anataka mtaji afungue kibanda cha kutengeneza simu. Mama yake, ambaye ni dada yangu, yuko tayari kuuza kiwanja ili ajazie ada, na kijana anaona hiyo ni hasara tupu.

"Mjomba," akaniambia, "si wewe uliyetuambia Shaaban Robert hakukanyaga chuo kikuu? Mbona Dar kuna barabara yenye jina lake?"

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Ni kweli nimekuwa nikiisema sana habari hiyo, tena kwa majivuno. Wengine wakibishana kuhusu elimu ya juu humtaja Bill Gates aliyeacha masomo Harvard. Sisi wapenzi wa fasihi tuna wa kwetu, karani wa Tanga. Basi niliporudi nyumbani nikaanza kujiuliza kama mfano huu unathibitisha kile ninachodhani unathibitisha.

Tuanze na yanayojulikana. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambawe, Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akapata cheti chake, na mwaka huohuo akaingia idara ya forodha kama karani. Huko alikaa mpaka 1944. Baadaye alihamia idara nyingine, zikiwamo ofisi ya wilaya ya Tanga na ofisi ya upimaji ardhi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa mafaili na wino wa serikali. Katikati ya hayo akaandika Kusadikika, Adili na Nduguze, Wasifu wa Siti Binti Saad, Utenzi wa Vita vya Uhuru, insha, na mashairi yasiyohesabika kwa haraka. Wakoloni wenyewe walimpa nishani ya MBE.

Mpaka hapo mpwa wangu ameshinda, si ndiyo? Subiri kidogo.

Jambo la kwanza ambalo huwa tunaliruka ni kwamba Shaaban Robert hakukiacha chuo kikuu. Hakikuwepo. Makerere ilianzishwa mwaka 1922, mwaka uleule yeye alipoanza shule Dar es Salaam, nayo wakati huo ilikuwa shule ya ufundi. Ilifikia hadhi ya chuo kikuu kishiriki cha London mwaka 1949, wakati Shaaban ana miaka 40 na ameshazoea kuvaa miwani ya ofisini. Tanganyika yenyewe ilipata chuo kikuu kishiriki Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Yeye alifariki Juni 1962. Kati ya kufunguliwa kwa chuo na kifo chake ni miezi minane tu. Huwezi kumsifu mtu kwa kukataa chakula ambacho hakikuwekwa mezani.

Mlinganishe na Nyerere, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1922. Yeye alifika Makerere mwaka 1943, akaenda Edinburgh 1949, akarudi 1952 na shahada. Wote wawili waliipenda lugha, wote waliandika mashairi. Tofauti ya umri wao ni miaka 13 tu, lakini hiyo miaka 13 ilitosha mmoja akutane na mlango na mwingine akutane na ukuta.

Jambo la pili ni gharama aliyolipa. Katika utumishi wa kikoloni mishahara ilipangwa kwa rangi, na karani Mwafrika, hata awe na kipaji cha kutikisa milima, alikuwa na dari lake. Hata lugha aliyoiandika ilikuwa na wenyewe. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ndiyo iliyosanifisha Kiswahili na kuamua vitabu gani vinafaa, na kwa miaka mingi ya mwanzo wajumbe wake walikuwa Wazungu. Shaaban alikuja kuwa mjumbe baadaye, akaheshimika. Lakini hebu fikiria: fundi mkubwa wa lugha anasubiri wageni waipime lugha yake. Na baadhi ya vitabu vyake, Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, vilitoka yeye akiwa ameshazikwa. Kipaji kilikuwepo, kazi ilifanyika, ila ufunguo wa mtambo wa kuchapa ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Kuna mtu wa pili ambaye kijana wangu angeweza kunitajia, na angenibana zaidi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi. Hakuwa na shule kabisa. Akatembeza vyungu, akaingia mjini, akafundishwa kuimba, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri zilizosikilizwa pwani nzima. Kama mafanikio ni kusikika, nani alisikika kuliko Siti?

Lakini maisha ya Siti tunayajua vipi kwa urefu ule? Kwa sababu karani mwenye cheti cha shule aliketi akayaandika. Asiyejua kusoma alimhitaji anayejua. Na huyo karani naye alipofariki, ikawa zamu yake kuwahitaji wengine. Ile Kamati ya Lugha iligeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ndani ya chuo cha Dar es Salaam mwaka 1964. Taasisi hiyo ndiyo iliyochapisha mwaka 2002 barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958. Barua za nyumbani, za ndugu kwa ndugu, zikawa kitabu. Kabla ya hapo, mwaka 1976, Euphrase Kezilahabi alikuwa ameandika tasnifu yake ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert katika chuo hichohicho. Kezilahabi ni mtoto wa Ukerewe aliyezaliwa 1944, wa kizazi kilichokuta chuo kipo.

Ukiupanga mnyororo huo, swali la mpwa wangu linabadilika. Mtu mmoja anaweza kufanikiwa bila elimu ya juu. Siti na Shaaban ni mashahidi na sitawapinga. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyetufikia bila mtu aliyesoma hatua moja zaidi yake. Jamii nzima ikisema chuo si lazima, santuri zitapasuka, barua zitaliwa na mchwa, na atabaki bibi mmoja anayekumbuka kwamba zamani palikuwa na mwimbaji.

Nadhani pia tunamkosea Shaaban tunapomgeuza kuwa kisingizio cha kutosoma. Alitoka shule mwaka 1926 na hakuacha kusoma hadi alipokufa. Na kuhusu mafanikio yenyewe, alikuwa na kipimo chake. Utubora, mhusika wake, anaacha kazi ya mjini akashike jembe, na mwandishi hamcheki hata kidogo. Kwa hiyo kibanda cha simu hakinitishi. Kinachonitisha ni kijana anayefunga mlango kwa sababu tu amesikia kuna mtu aliyepita dirishani.

Juzi nilimpigia simu nikamweleza yote haya, kwa kirefu kuliko alivyotaka. Akasikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mjomba, niende au nisiende?"

Nikamwambia Shaaban Robert hakupata bahati ya kuulizwa swali hilo, kwa hiyo asilijibu kwa jina la Shaaban. Alijibu kwa jina lake, baada ya kukaa na mama yake na kuhesabu vizuri, maana kiwanja kikishauzwa hakirudi. Nimemtumia kwa basi nakala yangu ya Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Akiimaliza tutaongea tena.