Rabai, Kilima cha Wakimbizi

Malori yaliyoshehenezwa mabapa ya mawe ya Mazeras hupita Magongo, Mombasa, yakielekea kutandikwa nyuani kwa matajiri, na ni wachache miongoni mwetu tuyapishao wanaokumbuka kwamba karibu na machimbo hayo, juu ya safu ya vilima, uko mji wa Rabai, uliokuwa kimbilio la wanyonge kabla haujawa misheni.

Warabai, mojawapo ya kabila tisa za Wamijikenda, husimulia kwamba wazee wao walihajiri kutoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakiwakimbia adui, wakaweka maskani yao juu ya kilima, ndani ya msitu wa kaya, yaani makao yao matakatifu, ambamo hata leo kukata mti ni mwiko. Kwa wazee wa Rabai ndiko alikobisha hodi Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao. Naye, Agosti 1846, pamoja na mwenziwe Johannes Rebmann, akaruhusiwa kujenga misheni. Rebmann hutajwa zaidi kwa kuiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Walakini alikaa Rabai hata 1875, akaondoka karibu kipofu, na waumini aliowaacha walikuwa haba.

Kilichoujaza mji, basi, si mahubiri bali utoro. Watumwa walioponyoka katika mashamba ya pwani walipanda kilimani kwa mamia, na mabwana zao wakawa hawaachi kuwadai, hata ikawa hofu ya vita. Aliyesimama nao alikuwa William Jones, kasisi Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, akakombolewa na kusomeshwa Nasik, Bara Hindi. Mnamo Januari 1, 1889, baada ya wenye watumwa kulipwa fidia, George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa aligawa hati za uhuru. Watoro wa misheni zote waliokombolewa walipata 1,400, na wengi wao walikuwa wa Rabai.

Atakaye kuzuru na apande matatu hadi Mazeras, kisha ashike njia ya Rabai. Ataliona kanisa la Mtakatifu Paulo, la mwaka 1887, na nyumba za Krapf na Rebmann, ambazo kwa macho yangu ni ndogo kuliko sifa zake. Makumbusho ni ya kila mtu. Ama kaya, haiingiwi pasi na idhini ya wazee.