Kuikagua Nyumba ya Mlezi: Tulikotoka na Tulipofika

Imekuwa desturi kutenga kurasa chache za taarifa hii ya mwaka kwa ajili ya mambo ya kale, ili hesabu za fedha na orodha za mikutano zisitusahaulishe kazi iliyotukutanisha. Mwaka huu twapenda kueleza habari za kazi moja ambayo wengi wetu tumeiona ikifanyika karibu na nyumba zetu hapa Kakamega, lakini wachache tunaojua asili yake. Nayo ni kazi ya afisa anayekuja kuikagua nyumba ya mtu aliyeomba kupewa mtoto asiye wake, ama amlee kwa muda, ama amwasili, yaani awe mwanawe kwa sheria.

Majirani humwona afisa huyo ameketi sebuleni na kalamu yake, akiuliza idadi ya vyumba, mapato ya mwezi, magonjwa ya wenye nyumba, hata mambo ya ndoa yao. Kisha watu hunong'ona: Je, siku hizi hata huruma yatakiwa cheti? Swali hilo si la kipuuzi, nasi tutajaribu kulijibu.

Hapo kale baba zetu hawakumhitaji afisa. Kwa desturi ya Abaluyia mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Baba alipofariki, ndugu zake ndio waliopokea mzigo wa malezi, na mara nyingi bibi mzaa baba ndiye aliyemlaza yatima katika nyumba yake. Lakini tusidhani kwamba hapakuwa na uchunguzi. Wazee waliokaa matangani walijua ni ndugu yupi mkarimu na yupi mchoyo, ni mke yupi anayegawa chakula sawasawa, na ni boma lipi ambalo watoto wake hutembea wakiogopa. Tena walikuwa na maswali yao. Mtoto huyu ataitwa jina la nani? Akiwa mvulana, siku ya kutahiriwa nani atasimama naye? Akikua atajenga wapi? Na siku yake ya mwisho atazikwa katika ardhi ya nani? Maswali hayo hayakuandikwa po pote, lakini mtu asiyeweza kuyajibu hakuachiwa mtoto kwa urahisi.

Basi mambo yalibadilika. Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias yakaja Kakamega. Mapema katika miaka ya 1930 dhahabu iligunduliwa hapa, na watu wa kila namna wakamiminika. Vijana wetu nao walikuwa wakienda kutafuta kazi mashambani kwa Wazungu, katika reli na katika miji. Wakazaliwa watoto mahali ambapo hapana baba mdogo wala bibi, na wengine hata jina la ukoo wao halikujulikana. Ukoo ulipotawanyika, macho ya ukoo nayo yalitawanyika.

Sheria ya kuasili watoto iliyoletwa Kenya wakati wa ukoloni ilifuata mfano wa Uingereza, ambako sheria ya kwanza ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 1926. Lakini Waingereza wenyewe walijifunza kwa uchungu kwamba karatasi haimlindi mtoto. Mwaka 1944 mvulana mmoja, Dennis O'Neill, aliwekwa na halmashauri ya mji wake kwa mkulima mmoja huko Shropshire ili alelewe. Januari 1945 alikufa, akiwa na umri wa miaka 12, kwa kupigwa na kunyimwa chakula. Uchunguzi wa Sir Walter Monckton ulionyesha kwamba halmashauri mbili zilizohusika hazikushirikiana vema, wala mtoto hakutembelewa ipasavyo. Mwaka uliofuata Kamati ya Curtis ilitoa taarifa yake juu ya watoto wasio na malezi ya wazazi wao, na mwaka 1948 ikapitishwa Sheria ya Watoto iliyoanzisha maafisa maalum wa kazi hiyo. Twaona basi kwamba afisa anayefungua mlango na kutazama mahali anapolala mtoto hakuzaliwa na tamaa ya Serikali ya kujua siri za watu. Alizaliwa na msiba.

Katika nchi yetu, Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya kilianzishwa mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo watoto wengi walikuwa wamepoteza wazazi na makao. Hata hivyo, kwa watu wetu wengi wa vijijini, mahakama ilikuwa mbali na ukoo ulikuwa karibu. Waliendelea kulea yatima kwa desturi, bila hati.

Kisha likaja jaribu ambalo halijawahi kuonekana. Ugonjwa wa ukimwi ulipoenea, walikufa wale wale baba wadogo na mama wadogo ambao wangalilea. Novemba 1999 Serikali iliutangaza kuwa janga la taifa. Bibi wengi walibaki na wajukuu wengi kupita nguvu zao, na nyumba za watoto yatima zikaongezeka.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikusanya pamoja sheria zilizokuwa zimetawanyika, ikaeleza kazi ya kuikagua nyumba kwa utaratibu. Mtoto hakuweza kuasiliwa kabla ya kutimiza majuma 6, wala kabla ya shirika lililosajiliwa kuthibitisha kwamba yu huru kuasiliwa. Mwombaji asiyekuwa jamaa yake alitakiwa awe ametimiza miaka 25, asiwe amefika 65, na awe amempita mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Mtoto alikaa kwanza na waombaji kwa miezi 3 mfululizo, ndipo ombi lipelekwe Mahakama Kuu, ambako aliteuliwa mtu wa kuyatetea maslahi ya mtoto peke yake. Novemba 2014 Serikali ilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wa Kenya na wageni, kwa hofu ya biashara ya watoto. Mwaka 2022 Sheria mpya ya Watoto ilichukua mahali pa ile ya 2001, na mwaka huo huo Serikali ikatoa mpango wa miaka 10 wa kuwatoa watoto katika nyumba za mayatima na kuwarudisha katika jamaa. Maana yake ni kwamba nyumba nyingi zaidi zitahitajiwa, na nyingi zaidi zitakaguliwa. Wengine kati ya watakaoulizwa habari za nyumba hizo ni sisi.

Hapa hatuna budi kuungama jambo. Miaka michache iliyopita kamati yetu iliombwa ushuhuda juu ya nyumba ya mwanachama mmoja aliyetaka kumlea msichana yatima. Mtu huyo hakuwahi kuchelewesha mchango wake, na msibani alikuwa wa kwanza kufika. Tuliandika kwamba nyumba yake ni safi, watu wake ni wacha Mungu, na chakula kipo. Yote hayo yalikuwa kweli. Baada ya muda mwalimu mmoja alikuja kutuuliza mbona mtoto haonekani shuleni siku za soko. Ndipo tulipofahamu kwamba yeye ndiye aliyeteka maji kabla ya mapambazuko, yeye ndiye aliyeuza mboga, nao watoto wa nyumba ile walikwenda shule. Tuliandika kwamba nyumba ni safi. Hatukuuliza nani aliyekuwa akiisafisha. Mtoto alihamishwa, na sasa yuko kwa shangazi yake. Lakini miezi ile hatuwezi kumrudishia.

Kosa letu halikuwa uongo. Tuliujibu urafiki wetu mahali pa kulijibu swali. Wazee wa kale wasingalikosa hivyo, kwa kuwa walijua kwamba yatima akionewa, aibu ni ya ukoo mzima. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mtoto asiye na mzazi hana budi kuazimwa uchungu huo na watu wengine, na kuazima huko ndiko kazi ya ushuhuda.

Aidha twawakumbusha wanachama wanaolea watoto bila hati kwamba upendo peke yao hautoshi siku ya kugawa shamba. Mtoto aliyeasiliwa kwa sheria huhesabiwa kama aliyezaliwa na waliomwasili, naye hurithi pamoja na ndugu zake. Anayelelewa kwa muda hapati uwana huo wa kisheria. Tumeshuhudia vijana waliolelewa vema miaka mingi wakiambiwa, siku ya tatu baada ya mazishi, warudi kwao, nao hawana kwao. Yale maswali ya wazee, ya jina na ya mahali pa kujenga, sheria imeyapa jibu. Yatupasa kulitumia jibu hilo mapema, mlezi angali hai.

Kwa hiyo Kamati yawaomba wazee mambo matatu. Kwanza, ye yote atakayeombwa ushuhuda aitembelee nyumba hiyo mwenyewe, tena si mara moja, naye asisaini kwa sababu wenzake wamesaini. Pili, aulize habari za watoto waliomo tayari, kwani hao ndio mashahidi wa kweli. Tatu, mtoto akiisha kuwekwa, tusimwachie afisa peke yake kazi ya kumtazama. Afisa ana watoto wengi na njia ndefu. Sisi twapita mbele ya lango lile kila siku.

Twaamini kwamba wazee wetu wataupokea wito huu kwa moyo ule ule waliokuwa nao baba zao.

Karani wa Chama,
kwa niaba ya Kamati,
Kakamega