Takrima

Katika maneno tuliyoyarithi kutoka lugha ya Kiarabu, ni machache yaliyodhulumiwa kama takrima, ambalo ni ndugu wa karimu na ikramu, na ambalo maana yake ya asili ni heshima anayotendewa mgeni kwa kuandaliwa chakula na makazi, pasipo mwenyeji kutaraji malipo yoyote. Mwaka 2000, Bunge la Tanzania lilipoirekebisha Sheria ya Uchaguzi ya 1985, liliridhia kwamba ukarimu wa jadi utendwao na mgombea kwa nia njema usihesabiwe kuwa rushwa. Na tangu hapo hongo ikapata jina la adabu. Mgombea fakiri, ajapokuwa na ilimu na uadilifu, angeshindanaje na tajiri awezaye kulikirimu jimbo zima?

Alhamdulillahi, Aprili 2006, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake, Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilikuwa vya ubaguzi na kinyume cha Katiba. Na mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyompa Waziri mamlaka ya kuweka kikomo cha matumizi na kuwataka wagombea wadhihirishe fedha zao na zilikotoka.

Neno lenyewe, hata hivyo, bado halijarudishiwa hadhi yake. Basi, msomaji wangu, akupaye kitu kwa ajili ya kura yako, kiite rushwa waziwazi, na takrima uiweke kwa mgeni wako.